Cheti Ambacho Bibi Yako Hakupewa

Mwanangu Mwanatumu,

Nakusalimu ungali bado uko nchi kavu, nami nikiwa na hasira. Nakuambia mapema, usije ukaisoma barua hii melini ukadhani ni wewe uliyenikasirisha. Tangu asubuhi umekwenda Munje kuagana na wajomba zako. Mama yako yuko uani anapepeta mchele wa chakula chako cha leo jioni, na kila nikiinua kichwa namwona kupitia dirishani, na kila nikimwona kalamu inasimama.

Mambo ya sweta, dawa ya kutapika baharini, nyama ya kula na ya kuacha, hayo sitayaandika. Shangazi zako wamekwisha kukuambia mara kumi kumi, na utakayoyasahau baridi itakukumbusha. Mimi nina jambo la siku moja tu katika safari yako: siku ambayo meli yenu itafunga gati Beira.

Unajua kwa nini mnapitia huko. Tangu mfereji wa Suez ufungwe kwa vita, meli za Uingereza zinazunguka kusini kote, Dar es Salaam, Beira, kisha kwa Makaburu, ndipo zipande juu. Na unajua nani anaishi Beira. Mwezi uliopita nilimwandikia bibi yako, mzaa mama yako, nikamtajia meli na siku. Amejibu kwamba atakuwapo gatini tangu alfajiri. Mama yako aliposikia alinishika mikono yote miwili akaniombea dua. Nilitamani ardhi inimeze. Anadhani nimefanya wema. Nimeandika kwa sababu nilimkosea bibi yako kosa kubwa, na katika nyumba hii hakuna anayelijua ila mimi.

Habari zake unazijua nusu. Unajua alikuwa yaya wa watoto wa Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba kule Msambweni, na kwamba Mzungu huyo alipohamishiwa Beira mkewe alimsihi bibi yako aende nao miaka miwili tu, mpaka watoto wazoee. Mama yako alikuwa na miaka mitano. Akaachwa Munje kwa mjomba wake. Vita vya Hitla vikaingia, ile miwili ikawa saba, Mzungu wake akafa, akachukuliwa na Wazungu wengine, na miaka ikapita. Kwa kuwa alikuwa akiishi katika nchi ya Wareno, Wareno wakamwandikia karatasi yao. Hakuiomba. Alipewa kama anavyopewa chapa ng'ombe wa mnadani Kinango.

Mwaka wa pili wa uhuru ikaja barua yake. Familia ya Waingereza anayoifanyia kazi huko Beira ingepanda meli ya matembezi, moja ya zile meli zinazobeba watu wasio na shughuli yoyote ila kutazama bandari. Ingefika Dar es Salaam, ifike Mombasa, ikae siku mbili, irudi. Yeye angekuja nao kuwaangalia watoto. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja avuke kivuko cha Likoni aende kwao.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, bila shaka unakumbuka. Munje nzima ilipika. Ulishonewa gauni la kijani. Mama yako hakulala siku tatu, na kila aliponiona aliniambia neno lile lile: "Baba Mwanatumu, wewe si uko pale pale mezani? Wewe ndiye utakayempokea mama yangu kwanza, kabla yangu mimi."

"Inshallah," nikamjibu. Na wakati najibu nilikuwa nimekwisha kuogopa.

Maana wiki chache kabla ya barua yake, ofisini kwetu uhamiaji, pale bandarini, ulikuwa umeletwa waraka. Msafiri yeyote mwenye pasi au karatasi ya serikali ya Wareno au ya Makaburu asishuke katika ardhi yetu, hata kwa saa moja, ila awe na viza iliyotolewa Nairobi kabla hajasafiri. Wengine wote, wale wa kushuka asubuhi na kurudi melini jioni, waendelee kama zamani: pasi inabaki kwa karani wa meli, abiria anapewa kadi ndogo, cheti cha kushukia, akirudi anairudisha. Na nikuambie kweli, sheria ile niliipenda. Wareno walikuwa wakiwapiga risasi watu weusi kusini mwa Ruvuma, nasi tulikuwa tumeanza kupepea bendera yetu. Waraka uliposomwa nilipiga makofi.

Nilikuwa na wiki sita. Kuomba viza Nairobi kulichukua nne. Ningemwandikia bibi yako mistari miwili, kumwuliza ana karatasi ya serikali gani, ningejaza fomu mwenyewe na jambo lingekwisha. Sikuandika. Na hapa ndipo hasira inapoanza kunipanda, kwa sababu nilikuwa na udhuru mzuri, udhuru ambao hakuna mtu wa kwetu angeukosoa. Mkwe hatazamwi usoni. Mkwe hatajwi jina. Ukimwona njiani unaingia kichakani apite. Sasa mimi, kijana niliyeoa binti yake kwa posa ya mjomba, ambaye hata sauti yangu hakuwahi kuisikia, nimwandikie mama mkwe kumwuliza karatasi zake? Nilijiambia ni sawa na kumwambia afungue kasha la nguo zake nichungulie.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini ofisa wetu Mwingereza alikuwa amebakiza miezi aondoke, na kiti chake kilikuwa kikitafutiwa mtu. Tulikuwa makarani watatu, kila mmoja akimpima mwenzake. Ilikuwa ikisemwa waziwazi kwamba watu wa pwani wanapendelea ndugu zao. Niliogopa jina langu kuonekana kwenye faili moja na karatasi ya Mreno. Nilikuwa na cheti kizuri cha shule, hati nzuri ya mkono, na woga uliojaa mpaka kooni. Heshima ya mkwe niliivaa juu ya woga huo kama kanzu juu ya shati chafu.

Siku ikafika. Tulipanda melini saa moja asubuhi, tukawekewa meza mbili katika ukumbi wa kulia chakula. Meza yangu, na meza ya mwenzangu Mutiso, kijana wa Machakos, mcheshi, mwenye Kiswahili cha bara. Ofisa wetu alikaa karibu na mlango na kikombe chake cha kahawa. Miezi ile alikuwa akitia saini kila kitu bila kusoma. Moyo wake ulikuwa umekwisha kusafiri.

Abiria wakapanga foleni na kofia zao za ukili na kamera zao shingoni. Nikawapigia mihuri. Mmoja akaniuliza Diani ni mbali gani, nikamweleza kwa adabu. Mwingine akaniuliza kama wenyeji wa Diani wanauma. Mke wake akacheka. Mimi pia nikacheka, mwanangu. Nilicheka, nikampa cheti.

Kisha ikaja familia ile. Mama wa Kizungu akaniwekea mezani pasi tatu za Kiingereza, na juu yake karatasi moja iliyokunjwa, ya Wareno. Niliona kanga kwanza, nyuma ya bega lake. Halafu nikaona uso. Ulikuwa uso wa mama yako, umeongezwa miaka ishirini. Sikuhitaji kusoma, ila nilisoma: Nimwaka binti Mwinyihaji. Naliandika jina la mkwe kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza, na kama ni kosa nalifanya kusudi.

Nikainamisha kichwa. Zile pasi tatu nikazipigia mihuri. Karatasi ya nne nikainuka nayo, nikaipeleka meza ya pili.

"Hii ni ya nini?" akasema Mutiso. "Foleni si ni yako?"

"Nishughulikie hiyo," nikamwambia chini chini. "Mimi siwezi."

"Huwezi nini? Kusoma?"

"Ni mtu mzima wa kwetu."

"Sasa wa kwenu si ndio ungemshughulikia wewe? Nyinyi watu wa pwani mko na mambo! Haya, lete."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikamwita abiria anayefuata. Kutoka meza moja hadi nyingine ni hatua tano. Nilisikia kila neno.

"Jambo, mama."

"Sijambo, mwanangu. Zamani hapa kwetu mtoto akimwona mkubwa husema shikamoo. Au uhuru umeiondoa?"

Mabaharia waliokuwa karibu wakacheka. Mutiso naye akacheka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya sasa, nipe hicho kikadi nikamwone binti yangu."

"Lakini mama, hii karatasi ni ya Mreno."

"Karatasi ni ya Mreno. Mimi si wa Mreno."

"Uko na viza?"

"Ya nini?"

"Ya kuingia Kenya."

"Mimi siingii, baba. Mimi narudi." Akaanza kusema haraka haraka, na Kidigo kikamtoka ndani ya Kiswahili. "Niulize. Niulize msikiti wa Munje uko upande gani wa kisima. Niulize kisima alichimba nani. Uliza mtu yeyote kutoka Tiwi hata Msambweni."

"Mama, mimi ni mtu wa Machakos. Hata ukinidanganya sitajua."

Alisema hivyo kwa huruma, usimfikirie vibaya. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Akaacha kiti, akageuka, akaniita kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Karani! Wewe ndiye unajua huu waraka kwa moyo. Hakuna njia?"

Njia ilikuwapo. Ilikuwa mwisho wa waraka, maneno machache: abiria aliyezuiliwa anaweza kupewa cheti cha mchana mmoja, iwapo raia wa nchi atamdhamini kwa saini yake na ofisa akakubali. Raia mmoja. Fomu zenyewe nilikuwa nazo mkobani, kwa sababu mimi ni mtu mwangalifu, sisahau fomu. Ofisa alikuwa pale mlangoni na kahawa yake. Nilihitaji kusimama, nitoe karatasi, niandike jina langu, niseme: huyu ni mama mkwe wangu, namdhamini mimi.

Nikasema, "Hakuna."

Sikuinua macho. Neno lile moja nimelisikia kila siku tangu siku ile. Nalisikia nikinyoa ndevu.

Kisha nikamsikia bibi yako akiuliza polepole, "Na huyo mwenzako, jina lake nani?"

Mutiso akamtajia jina langu na la baba yangu.

Nikamwona kwa pembe ya jicho akivuta kanga, akajifunika uso, vile mwanamke wa kwetu anavyojifunika mbele ya mume wa binti yake. "Mwache," akasema. "Usimsumbue. Nimekwisha kuelewa." Akaichukua karatasi yake, akaikunja. Yule mama wa Kizungu akamwambia asijali, abaki, zipo nguo za watoto za kufua. Halafu wao wakashuka. Walikwenda Diani kuogelea, Mwanatumu. Watoto aliowalea walicheza mchana kutwa katika bahari ya kwao, na yeye akabaki melini na beseni.

Tulipokuwa tukishuka ngazi Mutiso akaniuliza, "Yule mama ni nani yako?"

"Mkwe."

Akasimama pale pale kwenye ngazi, watu nyuma yetu wakagongana. "Mkwe wako?" Akanitazama kwa muda. "Hata kwetu mkwe unamkimbia. Lakini kwetu, kama ameanguka mtoni, unamtoa kwanza. Halafu ndio unakimbia."

Hakuniambia neno jingine wiki nzima.

Mama yako alikuwa nje ya geti la bandari, amejifunga kanga mpya, na wewe kando yake na gauni lako la kijani. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena. "Yuko wapi?"

"Amezuiwa. Ana karatasi ya Mreno. Ni sheria, Mejumaa. Sikuwa na uwezo."

Hakulia pale. Alisema tu, "Na chakula cha watu?" Nawe ukanishika mkono ukaniambia, "Pole, baba." Kama ungenipiga kofi ningekushukuru. Tukavuka Likoni, tukaenda Munje, watu wakala pilau ile wakinong'ona kama waliokuja msibani, na wazee wakanipa pole mimi kwanza.

Na bado sijamaliza. Meli ilikaa siku ya pili! Kila mtu hapa anaisimulia habari ile kana kwamba ilikwisha asubuhi moja. Nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri, nilikuwa na fomu, nilikuwa na ofisa asiyesoma anachotia saini. Asubuhi mama yako alitangulia kwenda kusimama getini, akitumaini tu kumwona mtu mwenye kanga kwenye ukingo wa meli, na kutoka pale meli haionekani, yanaonekana maghala. Nilimpita nikiingia kazini. Saa sita nilimpita nikitoka kula. Alikuwa amehamia upande wenye kivuli. Saa kumi meli ikaondoka.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka Beira kwa hati za Kiarabu. Wakubwa wakakusanyika Munje, maalimu akaisoma. Alisalimu kila mtu kwa jina. Kisha akaandika hivi, nayajua kwa moyo kama waraka: "Na wewe Mejumaa, mshukuru Mungu kwa mume uliyepewa. Nimemwona. Ni mtu mwenye adabu. Dhiki ile yote ilipita mbele yake na hakuniinulia macho hata mara moja. Nimerudi na huzuni, lakini kwa hilo nimerudi na furaha."

Watu wakasema mashallah. Mjomba wa mama yako akaniwekea mkono begani. Tangu siku ile kila mvulana anayeoa Munje huambiwa amtazame Karani, jinsi alivyomheshimu mkwewe hata mbele ya Wazungu. Umeyasikia mwenyewe, harusi baada ya harusi, ukanitazama kwa fahari. Mimi hula wali wa harusi nikanyamaza. Sifa ile imenifanyia jambo baya kuliko lawama yoyote. Imenilisha.

Na kiti cha ofisa? Alipewa mtu aliyeletwa kutoka Nairobi. Hajapata hata kuniuliza mkwe wangu ni nani.

Basi sikiliza. Katika pasi yako mpya, ukurasa wa nne, kuna muhuri unaosema pasi hii haitumiki katika nchi za Wareno wala za Makaburu. Maana yake Beira hushuki. Abiria anayebaki melini haombwi viza, anayeweka mguu gatini anashikwa, na polisi wa Mreno hamjui baba yako. Usishuke hata akikuita. Lakini yeye anaweza kupanda. Mgeni hupewa ruhusa ya kupanda meli iliyo gatini kwa saa chache, karani wa meli akiomba na polisi wa bandari wakiridhia. Anza kumwomba karani wa meli mkiwa bado Dar es Salaam. Atakuambia haiwezekani. Mimi nimekaa meza ile miaka kumi na moja, nakuambia kinachosemwa hapo. Mara nyingi sana "haiwezekani" maana yake ni "naogopa", au "ni karibu saa ya chakula". Usimwamini karani wa kwanza. Mwulize imeandikwa wapi. Mwulize mkubwa wake ni nani, na uulize kwa upole, na usiondoke mlangoni. Nimewarudisha watu wengi kwa neno lile, na karibu wote walisema asante, wakaenda zao. Hao walioniambia asante ndio wananikasirisha kuliko wote, baada ya mimi mwenyewe. Nisingeweza kumshinda hata mmoja kama angesimama pale dakika tano.

Na huko Uingereza uendako kujifunza uuguzi, kwenye hospitali yao, watakufurahia ukiwa mnyenyekevu. Sisi watu wa huku tumelelewa kuinamisha macho, na ni malezi mazuri, siyakani. Ila angalia kila mara unapoyainamisha ni kwa ajili ya nani. Mimi niliyainamisha kwa ajili yangu, nikasema ni kwa ajili yake, na dunia nzima ikaniamini, hata yeye.

Akipanda melini, akikaa nawe, mwambie. Mwambie kulikuwa na fomu. Mwambie nilikuwa nayo mkobani, na yule kijana wa Machakos aliniuliza, nikasema hakuna. Atakataa. Atasema mume wa mama yako alikuwa akimstahi. Atakutania, atakuita mke mwenziwe, atataka kukuonyesha vitu alivyokuletea. Wewe ni mjukuu, una ruhusa ya kubishana naye na kumcheka usoni, mimi sina. Bishana naye mpaka akubali. Sitaki arudi mara ya pili na ile furaha ya uongo. Akinilaani, niandikie alivyosema, neno kwa neno. Asipopewa ruhusa ya kupanda, simama ukingoni umpigie kelele kutoka juu, na watu wasikie.

Nilikuwa nimekusudia kuifunga barua hapa. Lakini nikaona nakutwisha wewe siri ya kumficha mama yako, na hilo lingekuwa ni lile lile, karatasi niliyoshindwa nayo naipeleka meza ya pili. Kwa hiyo nimemwita kutoka uani. Nimemsomea yote tangu mstari wa kwanza, amekaa kitandani na ungo mapajani.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchagua chuya katika mchele kwa muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Siku ya pili nilihamia kivulini, ukaniona."

"Nilikuona."

"Nikakuuliza kama umekula."

"Uliniuliza."

Nikaanza kusema nisamehe, akainua mkono. "Nyamaza kwanza. Na hayo ya mama yangu, Mwanatumu amwambie. Asipunguze neno." Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia katika miaka kumi na tisa ya ndoa, "Kesho ulisema sisi wote tutaagana naye getini. Kwamba asiye na tiketi hapandi melini. Hiyo nayo imeandikwa wapi?"

Mwanangu, haikuandikwa popote. Jamaa wa msafiri hupewa kibali cha kupanda na kuagana, karani wa ofisi yetu akiwaombea. Sikutaka ofisi ione nikiwaombea watu wangu.

Nikamwambia.

"Basi mimi siagani na mtoto wangu nje ya maghala," akasema. "Andika."

Nimetoa fomu mkobani. Nimeandika jina lake, la mjomba wake, la shangazi zako wawili, na mahali pa mdhamini nimeandika jina langu lote na kazi yangu. Herufi zimekwenda kombo, utaona mwenyewe kesho. Mama yako aliichukua fomu akaikunja, akaifungia katika pindo la kanga yake. Hakunirudishia. Amerudi uani kupika, na tangu hapo hajanisemesha.

Kesho saa mbili tutapanda sote.

Ni mimi, baba yako,
Hamisi
Tiwi